Kamera Iliwashwa Saa Ngapi? Filamu ya "Zulu" na Pigano la Rorke's Drift

Kila kipande cha "Zulu", filamu ya 1964 kuhusu askari wachache wa Uingereza waliozingirwa na Wazulu pale Rorke's Drift, kusini mwa Afrika, kinapozunguka kwenye simu za watu, ubishi huwa uleule. Mmoja anasema hivi ndivyo ilivyokuwa. Mwingine anasema ni uongo mtupu wa wakoloni. Wa tatu anauliza kama ni kweli Wazulu waliwaimbia maadui zao wimbo wa heshima kabla ya kuondoka. Wanabishana usiku kucha na hawafiki popote, kwa sababu wote wanataka jibu la neno moja: kweli au uongo.

Mimi naona kuna swali linalosaidia zaidi. Fikiria video ya ugomvi barabarani inayosambaa. Unamwona mtu anampiga mwenzake ngumi, na hakuna aliyeichezea picha ile. Lakini hujaonyeshwa dakika kumi za nyuma, aliyepigwa alipokuwa anavunja kioo cha gari la yule mpigaji. Hujaonyeshwa pia yaliyofuata baada ya simu kuzimwa. Video ni ya kweli na bado imekudanganya. Kwa hiyo tuiulize filamu hii: kamera iliwashwa saa ngapi, na ikazimwa saa ngapi?

Tuelewane maneno kwanza, maana Kiswahili kinatubebesha mzigo kidogo hapa. Neno "vita" tunalitumia kwa mambo mawili tofauti. Pigano ni tukio la mahali pamoja, la saa chache au siku chache. Vita ni mgogoro mzima wenye mapigano mengi ndani yake. Pigano ni mechi, vita ni ligi. Rorke's Drift ilikuwa mechi moja, na tena ya uwanja mdogo, ndani ya Vita vya Waingereza na Wazulu vya mwaka 1879. Watu wengi wanaomaliza kuangalia filamu huondoka wakidhani wameona ligi ikiamuliwa.

Filamu ya kihistoria nayo si filamu halisia. Ni hadithi iliyoshonwa juu ya tukio la kweli. Mtengenezaji anachukua mahali, tarehe na majina kadhaa, kisha anashona mazungumzo, tabia na hisia ili mtazamaji asibanduke kitini kwa zaidi ya saa mbili. Kushona si dhambi. Ila inafaa kujua kitambaa kinaishia wapi na uzi unaanzia wapi.

Filamu yenyewe iliongozwa na Cy Endfield. Stanley Baker ndiye aliyeitayarisha pamoja naye, na ndiye anayeigiza Luteni John Chard, mkuu wa walinzi wa Rorke's Drift. Michael Caine, ambaye wakati huo hakuwa na jina kubwa, anaigiza ofisa mwenzake, Luteni Gonville Bromhead. Ilizinduliwa London tarehe 22 Januari 1964, siku ya kumbukumbu ya miaka 85 ya pigano. Hebu itazame tarehe hiyo kwa macho ya kwetu: Kenya ilikuwa na uhuru wa wiki sita, Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa na siku kumi tu, na wanajeshi wa Tanganyika walikuwa wameasi siku mbili kabla. Himaya ya Uingereza ilikuwa inakunja jamvi Afrika, na kwenye ukumbi wa sinema London watu walikaa kuangalia askari wachache wenye makoti mekundu wakilizuia jeshi la Waafrika lisipite ukuta wao.

Sasa turudi nyuma, kabla kamera haijawashwa.

Mwaka 1878 Sir Bartle Frere alikuwa mkuu wa utawala wa Uingereza kusini mwa Afrika. Msomaji wa pwani ya Kenya analijua jina hili hata kama halikumbuki: ni huyohuyo aliyetumwa Unguja mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash afunge biashara ya watumwa, na Frere Town ya Mombasa, makazi ya watumwa walioachwa huru, ina jina lake. Huko kusini alikuja na kazi nyingine. Alitaka kuyaunganisha makoloni na nchi za eneo lile chini ya bendera moja, na ufalme wa Wazulu, ulio huru na wenye jeshi lake, ulikuwa umemzibia njia. Tarehe 11 Desemba 1878 wajumbe wa Mfalme Cetshwayo kaMpande walisomewa masharti. Kubwa kuliko yote lilikuwa kuuvunja mfumo mzima wa jeshi lake. Serikali ya London haikuwa imeidhinisha vita. Tarehe 11 Januari 1879 majeshi ya Uingereza yalivuka mpaka.

Sharti la kuvunja jeshi linaweza kuonekana dogo mpaka uelewe jeshi lile lilikuwa nini. Wazulu hawakuwa na askari wa mshahara. Walikuwa na amabutho, vikosi vya rika: vijana wa umri mmoja waliitwa pamoja, wakapewa jina la kikosi, wakalelewa pamoja, wakamtumikia mfalme, na ni mfalme aliyetoa ruhusa ya rika zima kuoa. Jeshi, kazi, ndoa na utii vilikuwa kamba moja. Aliyemwambia Cetshwayo avunje vikosi alikuwa anamwambia aache kuwa mfalme, na Frere alilijua hilo.

Sasa ifike asubuhi ya tarehe 22 Januari 1879. Safu kuu ya Waingereza, chini ya Lord Chelmsford, ilikuwa imepiga kambi chini ya mlima wa Isandlwana, ndani ya nchi ya Wazulu. Chelmsford aligawa jeshi, akaondoka na sehemu kwenda kumtafuta adui. Adui alikuwa karibu na kambi aliyoiacha. Wazulu wapatao 20,000, wakiongozwa na Ntshingwayo kaMahole na Mavumengwana kaNdlela, walishuka kwa mpangilio wao wa pembe za ng'ombe: kifua kinakukabili uso kwa uso, pembe mbili zinakuzunguka kushoto na kulia, na nyuma kabisa kuna kiuno, yaani akiba, inayosubiri. Alasiri ile jua lilipatwa, mwanga ukafifia watu wakiwa bado wanauana. Katika watu wa upande wa Uingereza wapatao 1,700 waliokuwa kambini, zaidi ya 1,300 walikufa, mamia yao wakiwa Waafrika wa Natal, koloni la Uingereza la jirani, waliokuwa wanawapigania Waingereza. Wazulu nao walipoteza watu si chini ya elfu moja hivi. Dola yenye bunduki za kisasa na mizinga ilikuwa imeshindwa vibaya na jeshi lililotegemea zaidi mikuki katika siku moja.

Filamu inayaonyesha haya kwa kuchungulia tu. Sauti inasoma taarifa ya maafa, tunaona miili na moshi, tunaona Wazulu wakiokota bunduki, kisha basi. Kamera inawashwa hapo, pigano kubwa likiwa limekwisha. Na kwa kuwa imewashwa hapo, mtazamaji anamkuta Mzulu akiwa tayari ni mshambuliaji na Mwingereza akiwa tayari amezingirwa. Mvamizi ni nani? Filamu haikulazimika kusema uongo wowote ili usahau kuuliza.

Lile pigano dogo lilitokeaje basi? Rorke's Drift ni kivuko. Mto wake Waingereza waliuita Buffalo, na Wazulu wanauita uMzinyathi, jina ambalo msikilizaji wa Kiswahili analisikia nyati ndani yake bila mkalimani. Mahali penyewe Wazulu walipaita kwaJimu, yaani kwa Jim, kwa jina la James Rorke aliyefungua duka pale. Mwaka 1879 palikuwa kituo cha misheni, na jeshi lilikuwa limegeuza nyumba moja kuwa hospitali na nyingine kuwa ghala. Askari wapatao 150 walibaki pale, zaidi ya thelathini wakiwa wagonjwa.

Waliowashambulia walikuwa kati ya 3,000 na 4,000, na hapa kuna kitu ambacho filamu imekipoteza na kinaniuma. Hawa walikuwa kile kiuno cha Isandlwana, akiba ambayo haikupata kupigana. Walitumwa kuwakata njia wakimbizi, wakauvuka mto wakifuata. Vikosi vya uThulwana, uDloko na iNdlondlo vilikuwa vya wanaume waliooa, wengi wa miaka ya arobaini, wenye pete ya heshima kichwani iitwayo isicoco. Baba za watu. Mchana ule walisikia wadogo zao wakipata sifa, wao wakiwa wamekaa nyuma. Mfalme alikuwa ameagiza wazi kwamba wasivuke kuingia Natal na wasishambulie ngome. Mkuu wao siku ile, Dabulamanzi kaMpande, ndugu yake mfalme, aliwavusha hivyohivyo. Walikuwa wamekimbia kilomita nyingi juani, na chakula cha maana walikuwa hawajakiona kwa muda. Kwenye filamu utaona wimbi la vijana wasio na majina. Wazee wenye njaa na hasira ya kuachwa nyuma, wakiasi agizo la mfalme wao, hutawaona, na hiyo ingekuwa tamthilia tosha.

Kuhusu ndani ya ukuta, filamu inastahili heshima yake. Ule ukuta wa magunia ya mahindi na masanduku ya biskuti ulikuwepo. Hospitali iliungua kweli. Na tukio linaloonekana kama limebuniwa na mwandishi wa filamu ndilo la kweli kuliko mengi: vyumba vya hospitali havikuwa na milango ya ndani ya kupitana, kwa hiyo John Williams na Henry Hook walitoboa kuta chumba hadi chumba. Mmoja anachimba, mwingine amesimama na singe kwenye upenyo akiwazuia wanaoingia, mgonjwa anavutwa kwenye tundu, kisha wanaanza ukuta unaofuata, paa linawaka juu yao. Moto huohuo uliwaka hadi usiku na kuwamulikia walinzi uwanja, kwa hiyo kila aliyekuja alionekana. Katika akiba ya risasi karibu 20,000 walizoanza nazo, asubuhi zilibaki kama 900.

Lakini huyo Hook wa filamu ni mlevi, mvivu na mjanja wa kujifanya mgonjwa, anayegundua ushujaa wake moto ukishawaka. Hook wa kweli hakuwa mnywaji, alikuwa askari mwenye rekodi safi na alikuwa anawapikia wagonjwa. Familia yake ilichukia, na sioni wa kuwalaumu. Mchungaji Otto Witt naye amefanywa mzee mlevi mwenye binti mkubwa, wakati Witt wa kweli, mmisionari kutoka Sweden, alikuwa na miaka kama thelathini na watoto wadogo. Kwa nini wabadilishwe? Ni fundi wa hadithi anayetafuta mtu wa kubadilika na mtu wa kuyumba. Hadithi ya mtu mwema aliyebaki mwema haina kona. Ukishajua hivyo, utaanza kuzitambua kona hizi kwenye kila filamu ya aina hii: mlevi atakayetubu, ofisa mwenye dharau atakayejifunza.

Suala la Wales nalo huwachanganya watu. Filamu inakifanya kikosi kile kuwa cha Wales tupu, na askari wanaimba wimbo mashuhuri wa Wales kujibu nyimbo za Wazulu. Mwaka 1879 kikosi hicho, cha 24, kilikuwa na jina la Warwickshire, mkoa wa England. Jina la South Wales kilipewa mwaka 1881. Walikuwemo Wawelshi kadhaa, sawa, lakini walikuwemo watu wa England na Waayalandi wengi pia, na hakuna ushahidi wa wimbo huo kuimbwa usiku ule. Baker mwenyewe alikuwa mtu wa Wales.

Kuna na hili la bunduki. Filamu inasema wapigaji risasi wa Kizulu mlimani wanatumia bunduki za kisasa zilizotekwa Isandlwana. Wanaume hawa hawakuwepo kwenye uporaji wa kambi ile. Kule juu ya mlima wa Shiyane, unaokitazama kituo, walitumia bunduki zao wenyewe, nyingi kuukuu, zilizoingia nchini kwa biashara ya miaka mingi, na bado ziliwaangusha walinzi kadhaa. Kwa hiyo wanaosema Wazulu walikuja na mikuki mitupu wamekosea, na filamu inayosema walikuja na silaha za kisasa imekosea pia.

Sasa tuingie jikoni kidogo. Filamu haikupigwa Rorke's Drift. Ilipigwa kilomita nyingi kutoka pale, chini ya kuta kubwa za miamba ya Drakensberg, kwa sababu mandhari halisi ni ya vilima vya kawaida na kamera ilitaka ukuu. Jeshi la maelfu unaloliona kilimani lilitengenezwa na watu mia mbili na kitu. Mbinu ilikuwa rahisi ajabu. Walichukua mbao ndefu, wakafunga ngao na mapambo ya kichwa kwa mstari, na katikati ya mstari au mwishoni akasimama mtu wa kweli mmoja wa kuitikisa. Kwa mbali jicho linaona mtu anajongea, ngao zinajongea, linajaza lenyewe waliobaki. Nenda kaitazame tena ile picha ya mlima mzima kujaa mashujaa, usimamishe, uhesabu miguu.

Imesemwa sana kwamba waigizaji hao wa Kizulu walilipwa saa za mkononi au ng'ombe badala ya pesa. Si kweli. Walilipwa fedha, ingawa kidogo sana ukilinganisha na wazungu waliokuwa mbele ya kamera ileile. Dhuluma ya kweli ilikuwa wazi zaidi ya uvumi huo: filamu ilipigwa Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na ilipotoka serikali iliwazuia Waafrika kuiangalia, isipokuwa kwa maonyesho maalumu ya walioshiriki. Mfalme Cetshwayo aliigizwa na Mangosuthu Buthelezi, ambaye mama yake, Princess Magogo, alikuwa mjukuu wa Cetshwayo. Kitukuu akavaa mavazi ya babu mkuu wake na kukaa kwenye kiti chake, katika nchi ambayo sheria isingemruhusu kukata tiketi na kujiangalia.

Na ule wimbo wa heshima? Haukuwepo. Kwenye filamu, asubuhi Wazulu wanajipanga tena kilimani, walinzi wanajua sasa wamekwisha, kisha badala ya kushambulia Wazulu wanaimba kuwapongeza mashujaa wenzao na kuondoka. Ni tukio zuri, na nadhani walioliandika walitaka kumpa Mzulu hadhi. Lakini limemnyang'anya akili. Tarehe 23 Januari asubuhi Wazulu walionekana kweli kwa mbali, wakapumzika, wakaondoka, na sababu zao zilikuwa za askari yeyote mwenye busara: walikuwa wamechoka, wamejeruhiwa, wana njaa, na kutoka juu waliona safu ya Chelmsford ikija. Njiani majeshi hayo mawili yalipishana. Chelmsford na watu wake waliokuwa wamelala usiku kucha katikati ya maiti za wenzao Isandlwana, na Wazulu waliokuwa wanarudi nyumbani wakivuta majeruhi, walionana waziwazi. Hakuna aliyeshambulia. Kila upande haukuwa na nguvu iliyobaki. Hilo lilitokea, na hakuna mwandishi wa filamu aliyelihitaji.

Kamera inazimwa muda mfupi baada ya wimbo ule. Sauti inasoma majina ya waliopewa Nishani ya Victoria, tuzo ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, 11 kwa pigano moja, saba zikienda kwa kikosi kimoja. Wapo wanaosema nishani hizo zilitolewa ili kuifunika aibu ya Isandlwana. Kwamba serikali ilihitaji sana habari njema wiki zile, hilo halina ubishi. Lakini waliotoboa zile kuta walizitoboa kweli, na sioni haja ya kuwanyang'anya kazi yao ili kumpa mtu mwingine haki yake.

Kilichobaki nje ya fremu ni hiki. Waingereza waliokufa Rorke's Drift walikuwa 17. Miili ya Wazulu iliyohesabiwa kuzunguka ukuta ilikuwa 351. Kisha askari wa Chelmsford walipofika, na macho yao bado yamejaa yale ya Isandlwana, Wazulu majeruhi waliokutwa nyasini na wale waliochoka wasiweze kukimbia waliuawa. Waliokuwepo waliandika hivyo wenyewe. Tarehe 4 Julai Waingereza walirudi na nguvu kubwa, wakalivunja jeshi la Wazulu Ulundi na kuuchoma mji wa mfalme. Agosti Cetshwayo alikamatwa, na nchi yake ikagawanywa vipande 13.

Leo ukifika kwaJimu utakuta makaburi ya wale 17, yenye ukuta na mnara wa jiwe. Wazulu walizikwa pamoja, mashimo ya wengi, bila majina. Karibu na hapo kuna kumbukumbu yao: chui wa shaba amelala juu ya rundo la ngao.